Julienne na Damu ya Rigobert

Mtaani kwao, Kampemba, mjini Lubumbashi, hakukuwa na mtu asiyejua kwamba Julienne Mulenga ana wivu. Mwenyewe hakuuficha. Alikuwa akisema kwamba wengine wamezaliwa na sauti ya kuimba, wengine na mkono wa kupika, yeye kazaliwa na wivu, basi. Mwanamke akimsalimia mumewe kanisani na kucheka kidogo kupita kiasi cha salamu, kabla Jumapili nyingine haijafika Julienne alikuwa amekwishajua jina lake, anakokaa na anakosukia nywele.

Wivu huo haukuanza kwa mume. Ulianza siku ya kilio cha baba yake. Mzee Mulenga alikuwa fundi umeme mgodini, mtu mkimya, wa ukoo uliokuwa ukilima pembezoni mwa mji tangu mji ulipokuwa mdogo. Siku ya mazishi, watu wameketi kwenye mikeka na wanawake wanasonga bukari kwenye masufuria makubwa, akashuka kwenye taksi mwanamke mmoja wa Likasi na watoto wake, wakubwa wote, wenye paji la uso la Mzee Mulenga na masikio yake. Wakaketi upande wa wafiwa bila kumwomba mtu ruhusa. Mama yake Julienne aliwatazama, akainuka, akaingia chumbani, na hakutoka mpaka kilio kilipokwisha. Majirani wakainamisha vichwa, na kwa namna walivyoinamisha, Julienne, wakati huo msichana wa shule, alitambua kwamba wao walijua. Hakuwachukia wale watoto. Alichotoka nacho pale ni hofu ya kuja kujua jambo lake mwenyewe baada ya mji mzima.

Alipokua aliuza sokoni samaki wa barafu waitwao tomsoni, na huko ndiko alikokutana na Rigobert, mfanyabiashara kutoka Butembo. Wajomba zake walimwonya kwamba watu wa Kivu mioyo yao hubaki Kivu hata wakijenga nyumba Katanga. Yeye aliona kijana mnene kidogo, msafi, anayefunga duka saa za ibada na kupiga goti kweli. Wakafunga ndoa kanisani. Depo ya Rigobert ikakua. Akawa anauza kwa jumla maharagwe, vitenge, na jibini za Masisi zilizoshushwa na ndege kwenye uwanja wa Luano. Wakazaa watoto, wa kwanza msichana, Constance, na mtaa ukaanza kuwaita Papa Constance na Mama Constance.

Kulikuwa na jambo moja tu. Kabla ya kuja Lubumbashi, Rigobert alizaa na msichana wa Goma aitwaye Abigaëlle. Mahari haikutolewa, nyumba haikujengwa, lakini mtoto alizaliwa, naye akaitwa Falonne. Rigobert hakumficha Julienne hilo. Alimwambia kabla ya posa. Alichokiacha mpaka baadaye ni kwamba Abigaëlle ndiye aliyeshika depo ya Goma, ndiye aliyechagua maharagwe, aliyepakia mizigo, aliyezungumza naye kwenye simu kila asubuhi Mungu aliyoijalia. Julienne alipogundua, alivunja sahani. Rigobert akamweleza kwamba ni kazi tu, kwamba hakuna Goma mtu mwaminifu kama yule. Maneno hayo ndiyo yaliyomkera zaidi. Heri angesema ni mzuri wa sura.

Tangu hapo, nyumbani kwao Abigaëlle hakuwa na jina. Aliitwa "mutu wa Goma". Alipopiga simu, Julienne alitoka chumbani na kuburuza viti. Aliwahi kuiziba namba yake kwenye simu yake mwenyewe, ingawa Abigaëlle hakuwahi kumpigia hata mara moja. Mara mbili tatu Rigobert aliomba Falonne aje likizo aone ndugu zake, na kila mara Julienne alipata sababu: mara kuna ukarabati, mara Constance ana mitihani.

Mwaka ule mambo yalipoharibika, Rigobert alisafiri kwenda Goma kabla ya Noeli kuharakisha mizigo, kwa sababu barabara za Masisi zilikuwa zimefungwa na vita, na kila mtu alisema mji utaponea chupuchupu au hautapona. Aliahidi kurudi kula Noeli na watoto. Hakurudi. Alipiga simu akasema ameanguka na pikipiki, goti limeteguka kidogo, anapumzika kwa ndugu wa kanisa. Mwaka mpya nao ukampita huko. Julienne alipika wali na kuku, akauweka mezani, akawaambia watoto wale; yeye hakugusa. Ndugu wa kanisa, alijisemea. Ndugu wa kanisa mwenye kanga kiunoni.

Alirudi katikati ya Januari, amekonda, anachechemea. Siku hiyo hiyo, alipokuwa anaoga, Julienne aliingia na taulo, na akaona. Kuzunguka kitovu cha mumewe kulikuwa na madoa, mengine ya samawati, mengine yameanza kuwa ya manjano, yametawanyika kushoto na kulia kama alama za vidole au za midomo.

"Hii ni nini, Papa Constance?"

Rigobert alijifunika haraka mno. Akasema ni usukani wa pikipiki ulimgonga. Julienne alitundika taulo msumarini. Alirudi jikoni, akakaa juu ya mfuko wa mkaa, na kuhesabu moyoni kila alichonyimwa: Noeli, mwaka mpya, ukweli, na sasa tumbo lile alilolijua tangu lilipokuwa bapa. Usukani wa pikipiki hauwezi kumgonga mtu namna ile, kidogo huku na kidogo kule. Yule mwanamke ameweka sahihi yake, alisema. Ameiweka makusudi ili niisome.

Mwishoni mwa mwezi waasi waliingia Goma. Habari zilifika Lubumbashi vipandevipande: uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefungwa, maiti barabarani, maghala yamevunjwa. Depo ya Rigobert ya Goma ilibomolewa mlango na kuachwa tupu. Huku Lubumbashi wafanyabiashara wa Butembo walikusanyika kanisani wakiwalilia ndugu zao ambao simu zao hazikuita tena. Rigobert alizunguka uani na simu mkononi kuanzia asubuhi, akitafuta mahali penye mtandao, akiuliza kila mtu kama Abigaëlle na mtoto wako hai. Julienne alimtazama kupitia dirishani. Aliona aibu kwa alichokihisi, lakini alikihisi: njia ya Goma ilikuwa imekatika, na ndani ya kifua chake kitu fulani kilikuwa kimelegea kwa raha. Usiku ule alipopiga magoti aliombea mji mzima, na jina moja alilipita.

Kisha habari zikaja kwamba wako hai, na Julienne akarudi kuburuza viti.

Ilikuwa Februari, mvua ya asubuhi imekatika, Rigobert anapanga magunia machache yaliyobaki dukani, ndipo aliposhika kifua na kukaa chini juu ya maharagwe. Emery, binamu yake aliyefanya naye kazi, alidhani ni huzuni ya mali iliyopotea. Alipoona jasho linamtiririka na midomo imekuwa ya kijivu, akamwingiza kwenye gari na kumkimbiza kwenye kliniki moja ya binafsi mjini, yenye mtambo wa kutazama mishipa ya moyo. Julienne akawakuta huko, kitambaa cha kichwa mkononi.

Daktari wa moyo aliitwa Aristote, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini. Aliwaeleza kwamba mshipa mmoja unaolisha moyo umeziba karibu kabisa. Angepitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, apanue pale palipoziba, na kuacha hapo kijibomba cha wavu wa chuma kinachoitwa stenti, ili njia isifunge tena. Kazi ingefanywa alasiri ile ile. Alikuwa amekwishampa tembe za kutafuna. Kilichobaki ni maswali.

Je, umewahi kulazwa hospitali? Umewahi kuchomwa dawa za kuzuia damu isigande? Zilikuletea shida yoyote?

Rigobert alimtazama daktari, kisha akamtazama Julienne aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda amekunja mikono. "Hapana, dokta," akasema. "Nilianguka tu kidogo na pikipiki. Sijalala hospitali."

Julienne aliona yale macho yalivyomkimbilia yeye kabla ya jibu. Alijua mumewe kadanganya. Alidhani anajua ni uongo gani.

Alipotoka chumbani na kusimama kwenye korido alikuwa na simu ya mumewe mkononi, na simu ikaanza kuita. Kioo kiliandika: Dépôt Goma. Akaiacha ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Ikaita mara nyingi, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi akamtazama kama kumuuliza. Julienne akabonyeza na kuizima kabisa, akaitia kwenye pochi, akaifunga zipu. Hata hapa, alijisemea. Mume wangu yuko kitandani na moyo umemsimama nusu, na mutu wa Goma anataka na yeye kiti chake.

Hazikupita dakika nyingi, simu yake mwenyewe ikaita. Namba ya nchi nyingine, asiyoijua. Alidhani ni mtu wa mizigo. Akapokea.

"Mama Constance, miye ni Mama Falonne. Usikate, tafazali. Naita na namba ya Rwanda, ile yangu haipite kwako. Siiti juu ya biashara."

Julienne aliitoa simu sikioni, akairudisha. Sauti ilikuwa ya kawaida tu, ya mwanamke aliyechoka, si ile ya asali aliyoisikia miaka yote kichwani mwake. "Nani alikupa namba yangu?"

"Emery. Alituma mu kundi la WhatsApp, banaombea Papa Falonne juu ya moyo. Mama, unisikilize tu, mtandao inakatika. Ambia munganga wa hopitali hivi: siku za Noeli Papa Falonne alilala hopitali huku Goma, juu ya goti. Balimuchoma sindano za mu tumbo, zile za kufanya damu isigande. Plakete za damu zikaanguka, mguu ukavimba, damu ikaganda mule mule. Munganga wa huku alisema hata siku moja asipewe tena dawa ile. Iko anajua, munganga wenu? Yeye mwenyewe alisema?"

Julienne alilisikia jina lile kwanza. Papa Falonne. Hapa mjini hakukuwa na mtu hata mmoja aliyemwita hivyo. Na sindano za tumboni. Yale madoa aliyoyasoma kama barua ya mapenzi yalikuwa matundu ya sindano. Alipaswa kuona afueni, lakini alichoona ni kibaya zaidi: mwanamke yule alikuwa amekaa kando ya kitanda, amemwona mumewe amevimba mguu, amemshika mkono, ameambiwa na madaktari mambo ambayo huambiwa mke. Mapenzi ya wizi yangekwisha. Hili lilikuwa jambo la nyumba.

Na wazo likamjia, nalo lilikuwa baya: labda anasema uongo. Labda ameona nafasi ya kunijulisha kwamba Noeli alikuwa kwake, basi ametafuta neno ambalo siwezi kulikataa. Nikienda kwa daktari nikasema, nitakuwa nimekiri mbele ya wauguzi na Emery na wote kwamba kuna mwanamke mwingine anayeujua mwili wa bwana yangu kunizidi.

Mtandao ulikuwa unakwaruza. "Mama Constance, uko hapo?"

Wakati huo muuguzi, msichana aitwaye Dorcelle, alipita mbele yake akisukuma kitoroli kidogo cha sindano na dawa kuelekea chumba cha mtambo. Julienne alimuuliza, karibu bila kutaka, ile ni dawa ya nini. Dorcelle akajibu kwa upole kwamba ni ya kuzuia damu isigande wakati waya unapopita, kila mgonjwa wa stenti anapewa, asiwe na hofu.

Julienne alisimama. Alimshika Dorcelle mkono ulioshika kitoroli.

"Dada, ngoja kwanza. Usimuchome. Bwana yangu alilala hopitali Goma, sindano hii ilimuletea mabaya. Hakusema juu ya kuniogopa miye. Juu miye nilikuwa nakaa pale." Akainyoosha simu mbele yake kama kitu kinachochoma. "Muite dokta. Mwenye kujua iko huku mu simu."

Daktari Aristote alikuja anavua glovu. Alichukua simu, akaegemea ukuta, na pale, mbele ya Julienne, akaanza kumuuliza Abigaëlle maswali. Sindano zilianza lini? Mguu ulivimba baada ya muda gani, kabla hajaacha dawa au baada? Ulikuwa wa baridi au wa moto? Plakete walizipima? Zilishuka kiasi gani? Walimpa nini badala yake? Julienne alisikia vipande vya majibu vikitoka kwenye simu, vyepesi, vyenye uhakika, bila kusitasita. Yule alijua ni mguu upi. Alijua mgonjwa alilala ubavu gani. Alijua kwamba homa ilimpanda jioni. Kila jibu lilimwingia Julienne chini ya mbavu. Daktari alikuwa anatikisa kichwa na kusema "vizuri, mama, vizuri sana, mama", kwa sauti ambayo hakuitumia kwake hata mara moja tangu asubuhi.

Simu ikakatika yenyewe. Daktari akairudisha na kumwambia Dorcelle aondoe dawa ile yote, chumba kizima, hata maji ya kusuuzia mirija, kwa kuwa huchanganywa nayo kidogo. Kisha akamgeukia Julienne na kumweleza kwa maneno mepesi. Kwa watu walio wengi, alisema, dawa hii huzuia damu kuganda. Kwa wachache mwili huichukia, hupigana na chembe zake wenyewe, zile plakete. Chembe zinapungua, na papo hapo damu inaganda kila mahali. Leo damu ya Rigobert ikipimwa inaonekana safi, hakuna ambacho kingemwonyesha. Lakini chuki ile bado imo ndani, ni ya majuzi tu.

"Ningeweka stenti, ingeziba palepale juu ya meza," akasema. "Na ningeongeza dawa ile ile nikidhani ni kidogo."

Julienne aliuliza watafanya nini basi. Iko dawa nyingine, daktari alisema, inayofanya kazi kwa njia tofauti, lakini haipo mjini. Angempigia mwenzake Johannesburg aitie kwenye ndege ya kesho. Mpaka hapo wangemshikilia Rigobert kwa tembe na kwa dawa nyingine isiyo na ubaya huo, na kuomba mshipa usifunge kabisa.

Ndipo Julienne alipoingia chumbani na kufunga mlango. Rigobert alipouona uso wake, alifumba macho.

"Umejua," akasema.

"Nimejua kwa mutu wa Goma. Alinipigia miye. Nimejua bwana yangu iko mugonjwa wa nini, kwa simu, mu korido."

Rigobert alimweleza yote, pole pole, kwa pumzi fupi. Alikuwa amevunjika mfupa mdogo wa goti. Abigaëlle ndiye aliyempeleka hospitali, na baada ya hospitali alimpeleka kwake kwa sababu hakuwa na uwezo wa kupanda ngazi za nyumba ya wageni. Alilala chumba cha Falonne. Mtoto akalala na mama yake. Kule Goma walimpa tembe za kuendelea kunywa. Alizitupa uwanja wa ndege kabla ya kupanda, kwa sababu Julienne angeziona na kuuliza.

"Ulizitupa."

"Niliogopa macho yako kuliko ugonjwa, Mama Constance. Hiyo njo kweli."

Julienne alikaa kwenye kiti. Alitaka kumpiga na alitaka kumfunika shuka. Alitaka kumuuliza kama chumba cha Falonne kina kufuli, na kama Abigaëlle alikuwa anaingia asubuhi na chai, na alivaa nini. Aliuliza moja tu: "Alikuosha nani?" Rigobert akasema ni muuguzi. Julienne aligundua kwamba hatajua kamwe kama hilo ni kweli, na kwamba itabidi aishi nalo.

Kesho yake Emery alimpeleka Julienne Luano, uwanja wa ndege. Uwanja ulikuwa umejaa watu wa Kivu waliokuwa wakingojea jamaa zao. Ndege za Goma hazikuwapo tena, lakini wenye uwezo walikuwa wamezungukia Uganda na Nairobi, na walitoka mlangoni wakiwa na mifuko ya plastiki na nguo za kanisani, kama watu waliokimbia wakiwa wanatoka ibada. Wanawake walikumbatiana na kulia kimya. Julienne alikuja kuchukua dawa, lakini macho yake hayakumtii. Kila mwanamke wa makamo aliyetoka, alimkagua: huyu mnene, huyu mweusi, huyu ana mtoto wa kike. Hakuwahi kumwona Abigaëlle hata kwenye picha. Alikuwa amezichana zote bila kuzitazama. Sasa kila sura iliyochoka ilikuwa yake. Mmoja wao, mama aliyebeba sufuria tupu, alimwona anavyomtazama, akamwuliza kama wanafahamiana. Julienne akaomba radhi.

Rubani msaidizi alimkabidhi Emery kifurushi kidogo, chepesi mno kwa kazi iliyotegemewa kwake. Julienne alikipakata njia nzima, na alipofika kliniki hakumpa Emery akipeleke. Alimpa Dorcelle mwenyewe mkono kwa mkono.

Kazi ilichukua muda kuliko walivyoambiwa. Baadaye daktari alimweleza kwamba walipofika kwenye mshipa walikuta damu imekwishaganda kipande pale palipobana, wakalazimika kuifyonza kidogo kidogo, dawa mpya ikiingia kwa tone na mtu mmoja akipima damu kila mara aone imelainika kiasi gani: ikizidi angevuja, ikipungua angeziba. Stenti ilipopanuka na damu kupita, mkono wa Rigobert ulivuja hata wakaukandamiza kwa vitambaa. Lakini haikuganda tena. Wakati huo Julienne alikuwa kwenye benchi la korido anasali, na katikati ya sala alijikuta anabishana na Mungu kuhusu nani anayestahili kushukuriwa.

Rigobert alipokuwa amelala, rangi imerudi midomoni, Julienne alifanya alilolijua kwamba lazima lifanywe. Alifungua ile namba ya nchi ngeni na kupiga.

"Amepona," akasema. "Balitia stenti. Balimupa dawa ingine."

Upande wa pili Abigaëlle akalia. Alijaribu kujizuia, akashindwa, na kilio kile kilitoka mbali ndani yake, kilio cha kukatika maneno. Julienne alisikiliza. Mtu hamlilii hivyo tajiri wake. Alisubiri kilio kiishe, kwa sababu adabu ilitaka hivyo.

"Asante, mama," Abigaëlle akasema mwishowe. "Tembe asiache. Yeye anapenda kuacha tembe akisikia amepata nafuu."

"Najua," Julienne akasema. Hakuwa anajua.

Ni neno hilo lililomwingiza tena ofisini kwa daktari Aristote, siku ile na siku nyingine nyingi. Alitaka aelezwe yote. Tembe mbili hizi, kila moja inafanya nini ndani ya damu? Akikosa siku moja? Aking'olewa jino? Akitapika? Daktari alijibu kwa subira, akidhani ni mapenzi. Yalikuwamo. Lakini Julienne mwenyewe alijua alichokuwa anafanya: alikuwa anauchukua mwili ule kutoka Goma, kipande kwa kipande. Alijifunza jina la dawa ile mbaya mpaka akawa analitamka kama jina la adui, na alimfundisha Constance, na Emery, na mchungaji. Asubuhi Rigobert alikunywa tembe mbele yake, akafungua mdomo kama mtoto kuonyesha kwamba amemeza. Nyumba ilicheka. Yeye hakucheka.

Mvua zilipokwisha, Abigaëlle na Falonne walifika. Hawakuja kwa ndege. Walipita Uganda, Tanzania na Zambia kwa mabasi, wakavuka mpaka wa Kasumbalesa na begi moja. Rigobert alimwambia Julienne kabla hawajafika, mchana, mezani, mbele ya watoto, na akasema kwamba akikataa hawatakuja. Julienne aliiacha bukari ikapoa mbele yake. Akasema watakaa Annexe, pembezoni mwa mji, kwenye kibanda cha shambani cha baba yake marehemu, si karibu zaidi. Na Rigobert hataenda huko peke yake hata siku moja. Rigobert akakubali yote. Jinsi alivyokubali upesi ikamtia Julienne mashaka kwa juma zima.

Alikwenda mwenyewe kuwaonyesha nyumba. Abigaëlle alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mvi mbele, viatu vimechanika pembeni. Walisalimiana kwa mikono miwili. Hawakuzungumza juu ya moyo wala goti. Julienne alimwonyesha kisima, mistari ya viazi vitamu, na jirani wa kuaminika, na wakati wote macho yake yalitafuta kitu kwenye lile begi lililofunguliwa, shati, soksi, chochote. Hakuona kitu. Alirudi nyumbani amechoka kama aliyelima.

Falonne alianza kuja Jumapili baada ya ibada. Alikuwa na paji la uso la Rigobert, na alicheka kama Constance, na watoto walimpenda siku ya kwanza. Julienne alimpakulia sahani iliyojaa kuliko za wengine, ili mtu asije akasema.

Jumapili moja, msichana alipokuwa anafunga viatu aondoke, alisita mlangoni.

"Mama mukubwa, Mama alisema nikuulize. Papa iko nakunywa tembe kila siku?"

Julienne alikuwa anafuta meza. Aliendelea kufuta, mahali pale pale, mpaka pakang'aa.

"Ambia mama yako iko nakunywa," akasema. "Miye njo minamupatia."

Falonne akashukuru, akaondoka. Julienne alisimama dirishani akamwangalia anavuka barabara kuelekea kwenye basi la Annexe, mwepesi, hana haraka, mkononi kapu la vitumbua ambalo Julienne mwenyewe alimfungia ampelekee mama yake. Alijiuliza atafika saa ngapi, na Abigaëlle atamuuliza nini tena, na mtoto atajibu nini. Halafu akamwita Rigobert kutoka uani, ingawa hakuwa na la kumwambia, na alipokuja alimshika kifua kwa kiganja na kukiacha hapo mpaka akausikia moyo unavyopiga.

"Nini tena?" Rigobert akauliza.

"Hakuna," akasema. "Simama tu hapo."